Nywele za Bi. Roda

Kila jioni Nyamoita alipotoka shule, kazi zake zilikuwa zikimngoja. Aliteka maji mferejini, akawasha jiko na kubandika sufuria kabla mama yake, Drusilla, hajarudi kutoka kuchuma na kupimisha majani ya chai. Waliishi laini, yaani kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, karibu na Kericho, ambako mvua ya alasiri hunyesha karibu kila siku.

Jumamosi ilikuwa siku tofauti. Siku hiyo Nyamoita alikwenda ukumbi wa shamba kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na mashamba ya chai yalishindana kwa michezo na nyimbo. Mwalimu Kipkosgei, aliyeongoza kundi lao, alikuwa amempa Nyamoita nafasi ya Bi. Roda, mwanamke wa mjini anayerudi kijijini akijivuna. Katikati ya mchezo, Bi. Roda alivua kitambaa na kutikisa nywele zake zilizonyooka, na watu wakacheka mpaka machozi.

Nywele za Nyamoita hazikuwa zimenyooka kwa asili. Zilinyooshwa na Syprose, msichana jirani aliyekuwa amemaliza shule. Syprose alikuwa na kitana cha chuma, ambacho alikipasha moto juu ya makaa, akazipaka nywele mafuta, kisha akakipitisha taratibu kuanzia shinani. Mwanzoni alikijaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti. Karatasi ikiungua, alingoja kipoe. Siku zilivyosonga akaacha kulijali gazeti, kwa sababu Nyamoita alifika amechelewa, na mvua ilikuwa imezikunja tena nywele zile.

"Tazameni nywele hizo," Mwalimu alizoea kusema mbele ya wote. "Huyo ni mwanamke wa mjini kabisa."

Nyamoita alifurahi, lakini furaha hiyo ilikuwa na mwiba ndani. Chemutai, rafiki yake, aliijua sehemu ya Bi. Roda neno kwa neno. Nyamoita aliamini kwamba nywele zikimwacha, na nafasi ile itamwacha.

Na zilikuwa zimeanza kumwacha. Alipochana asubuhi, vipande vifupi vilianguka mabegani kama mabua. Juu ya paji la uso palikuwa na upara mdogo. Akaanza kufunga kitambaa hata nyumbani.

"Mbona kichwa umekifunga hivyo?" mama yake aliuliza.

"Ni baridi, Mama."

Drusilla alimtazama kidogo, kisha akaendelea kusonga ugali.

Wiki moja kabla ya mashindano, kitana kilimgusa Nyamoita nyuma ya sikio. Alisikia ngozi ikiungua, akauma midomo.

"Pole," Syprose alisema. "Nitapaka mafuta, itapoa."

Haikupoa. Lengelenge lilipasuka, kidonda kikaanza kutoa maji, kisha usaha. Nyamoita hakuweza kulalia upande ule. Darasani, kila aliyepita nyuma yake alimtia hofu: je, ameona? Je, amesikia harufu? Alitaka kumwambia mama, lakini kila alipofungua mdomo aliiona nafasi yake ikienda kwa Chemutai, naye akaufunga tena.

Siku moja kabla ya mashindano alikwenda kwa Syprose kama kawaida. Kitana kilikuwa tayari juu ya makaa. Syprose alikiinua, kikagusa tone la mafuta, kikatoa mlio mkali. Nyamoita akasimama.

"Kaa, nimalize upesi," Syprose alisema.

"Siwezi, dada. Kichwa kinaniuma."

Akatoka mvuani bila kuaga. Njiani alikutana na mama yake akirudi, kikapu kitupu mgongoni. Nyamoita alitaka kutoa kisingizio kingine, lakini akajikuta analia. Drusilla akamsogeza chini ya paa la duka na kufungua kitambaa polepole. Akakiona kidonda. Kisha akakifunga tena, akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja zahanati.

Muuguzi, Sista Yunia, alisafisha kidonda, akapaka dawa na kumdunga sindano.

"Umekuja wakati mzuri," alisema. "Ungengoja zaidi, uchafu ungeenea. Kuanzia leo, moto usikaribie kichwa hiki. Nywele zilizobaki zioshwe, zipakwe mafuta, zisukwe kwa uzi bila kuvutwa. Na tukate hizi ncha zilizoungua."

"Kesho nina mchezo, Sista," Nyamoita alisema kwa sauti ndogo.

"Mchezo utacheza. Kitana hakina nafasi ndani yake."

Kutoka pale walikwenda kwa Mwalimu Kipkosgei. Nyamoita mwenyewe alieleza yote, macho yakiwa chini. Alipomaliza alisema, "Kama ni vizuri, Chemutai achukue nafasi yangu."

Mwalimu akamgeukia Drusilla. "Mama, mimi pia nina kosa. Nilizisifu nywele hizi kila wiki, sikuuliza zinanyooshwaje." Akamtazama Nyamoita. "Nilikuchagua kwa sababu ulipotembea kama Bi. Roda, hata wazee waliokuwa nje walisogea dirishani. Kesho hutavua kitambaa. Utakifunga kwa madoido, na Bi. Roda atakataa kukivua asije akachafua nywele zake za bei kubwa."

Usiku wa mashindano, taa za karabai zikiwaka, Nyamoita alisimama nyuma ya pazia akihisi dawa ikimwasha chini ya kitambaa. Pazia lilipofunguliwa, alilisahau neno lake la kwanza. Chemutai, aliyeigiza mkwe wake, alisema taratibu, "Karibu, mgeni wa mjini." Nyamoita akavuta pumzi, akashika kitambaa kwa vidole viwili na kupiga hatua kwa maringo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kundi lao lilishika nafasi ya pili, na mwamuzi akamtaja Bi. Roda kwa jina.

Jumapili baada ya kanisa, Nyamoita aliketi chini mbele ya mama yake, aliyezisuka zile nywele fupi kwa uzi mweusi, mkono ukiwa mwepesi.

"Inauma?"

"Hapana, Mama."

"Vizuri. Msuko ukiuma, sema hapo hapo. Sikukasirika kwa sababu ya nywele, mwanangu, nywele zitaota. Niliumia kwa sababu ulibeba maumivu peke yako nami nalala chumba hicho hicho. Watu wa ukumbini wanakuona saa moja, halafu wanakwenda kwao. Mwili huu utakaa nao maisha yako yote, basi usiuchome ili kuwafurahisha. Na jambo likikutisha kulisema, hilo ndilo la kuniletea kwanza."

Nyamoita alitikisa kichwa kukubali, na mama yake akamwambia atulie, msuko usije ukaenda upande.