Daijobu ya Kosei

— Ukishuka stesheni ya Shinjuku usitoke hovyo! Ukikosea mlango umekwisha, utaibukia mji mwingine, na huyo Kosei wako atakusubiri mpaka aote mizizi.

Manami alikuwa amelala kifudifudi kando ya meza ya kupashia miguu joto, ramani ya treni za Tokyo ameitandaza mbele yake. Yeye aliwahi kuishi huko, akitengeneza nywele saluni. Shoga yake, Chizuru, hajawahi kukanyaga. Kazaliwa Hirosaki, mbali huko kaskazini, kakulia kwenye mitufaha ya baba yake.

— Mlango wa mashariki, nimeshika. Halafu?

— Halafu nini? Mrukie shingoni!

— Koma wewe!

Chizuru alicheka. Miaka miwili Kosei yuko Tokyo. Aliondoka siku ile mzee Genzo, baba yake Chizuru, alipomwambia waziwazi: mtoto wa kiume sina, anayemtaka binti yangu ahamie kwangu, achukue jina langu na alime shamba langu. Kosei akagoma kuliacha jina la ukoo wake. Sasa Chizuru ameamua, liwalo na liwe, atamfuata yeye. Hilo alitaka kumwambia Jumamosi, uso kwa uso.

— Na yeye alisemaje uliposema unakuja?

— Nilimwandikia, "Nije Jumamosi nikuone?" Akajibu hapo hapo.

— Akasema?

— "Daijobu."

Manami akainuka, akakaa.

— Daijobu tu? Hakuna kingine?

— Si amesema haina shida, nije! Una nini wewe?

— Chizu, mwenzangu... Kule dukani, muuzaji akikuuliza, "Nikupe mfuko?" ukisema daijobu, hupewi mfuko.

— Maana yake?

— Maana yake hapana, usijisumbue. Hebu mpigie.

— Atakuwa kazini.

— Mpigie, Chizu!

Simu iliita mpaka Chizuru akaanza kuomba isipokelewe.

— Haloo? — Sauti ya Kosei ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika.

— Ni mimi. Kuhusu Jumamosi... nije au nisije?

— Ah. Kazi zimebana kidogo, unajua...

— Tiketi nimeshakata, Kosei.

— Umekata? — Akavuta pumzi. — Nilidhani umeelewa.

— Nimeelewa nini?

— Tangu kiangazi cha mwaka jana sijakupigia. Ukiniandikia najibu neno moja. Nilidhani penzi limeisha lenyewe. Watu wengi huachana hivyo.

— Limeisha lenyewe? Kwani ni theluji hiyo, ikayeyuka yenyewe?

— Sikutaka kukuumiza.

— Una mwingine?

Kosei alisikika akifunga mlango polepole.

— Kosei, nakuuliza. Una mwingine?

— Samahani.

— Sijakuomba samahani! Sema tumeachana. Nisikie kwa mdomo wako.

— Samahani, Chizuru. Samahani sana.

Simu ikakatika. Maskini ya Mungu, hata kuachwa hakuachwa sawasawa! Miezi yote ile alikuwa akimtetea kwa kila mtu, ooh kazi nyingi, ooh Tokyo watu hawalali, kumbe mwenzake alishamzika. Manami alimshika bega. Chizuru akalia bila sauti, maana baba yake alikuwa ghalani, hapo nje ya mlango tu.

Mlango ukasukumwa. Mzee Genzo alisimama na theluji mabegani, amekumbatia sanduku la matufaha. Chizuru akajifuta uso haraka haraka.

— Haya ndiyo matamu kuliko yote ghalani. Mpelekee Kosei wako Jumamosi.

Mzee akakohoa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaitazama ramani badala ya kumtazama binti yake.

— Na umwambie abaki na jina lake. Leo nimemalizana na jirani, shamba atalichukua yeye.

— Baba! Umeliuza?

— Mimi nazeeka, nitakwenda nalo wapi? Wewe nenda kwa umpendaye. Nilikuwa mkaidi bure.

— Baba, mimi...

— Sasa unalia nini? Si nimekubali!

Manami akainamisha kichwa, akijifanya anakunja ramani. Chizuru akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Angesema nini, na mzee alikuwa anatabasamu?

— Asante, baba.

Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea sanduku.