Kengele ya Bi Mistari

Kila asubuhi naifuta meza ya marehemu mke wangu. Haina vumbi. Naifuta tu.

Ni meza ya mbao yenye madoa meusi ya risasi ya kuchomelea. Zamani tulikaa hapo wawili, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta. Mimi nilitengeneza redio. Yeye alichora saketi, yaani njia za kupitia umeme ndani ya chombo. Alichora juu ya bamba la shaba kwa rangi nyekundu ya kucha, kalamu yake njiti ya kiberiti. Kisha tuliliingiza bamba kwenye dawa kali. Shaba yote ililiwa, isipokuwa ile iliyofunikwa na rangi. Kucha zake mwenyewe hazikupakwa hata siku moja. Rangi yote iliishia kwenye mabamba. Mistari yake ilinyooka mpaka watu wakamwita Bi Mistari.

Siku hizo tulikuwa na karakana, mafundi kumi na wawili. Wakubwa wakaifunga. Walisema dunia imebadilika. Hakuna hata mmoja aliyekuja kutuonyesha imebadilika vipi.

Kazi moja ya mke wangu ilibaki hai: kengele ya friji ya chanjo pale zahanati. Friji ikipata joto, kengele inalia. Pi, pi, piii. Mbili fupi, moja ndefu. Aliipanga hivyo makusudi. Ndivyo alivyokuwa akibisha hodi nyumbani, nami nilimjua kabla hajasema neno.

Binti yangu ni muuguzi kwenye zahanati hiyo. Jumatatu moja alirudi na bodi ya kengele ndani ya bahasha.

"Baba, imekufa."

Nikaigeuza. Shaba ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani.

"Nani aliiacha chini ya bomba linalovuja?"

"Baba, usianze."

"Naanza! Nimewaambia habari ya bomba hilo mara tatu. Mkuu wenu hana masikio?"

"Mkuu amesema hivi: mwisho wa mwezi ukifika bila kengele, chanjo zote zinahamishiwa hospitali kubwa. Kina mama watabeba watoto mwendo wa nusu siku. Tumeomba kengele nyingine makao makuu. Haijulikani itakuja lini."

"Inajulikana. Haiji."

Mchoro wa mke wangu upo. Uko kwenye daftari, karatasi imegeuka rangi ya chai. Nilijaribu kuuchora kwenye bamba kwa mkono. Lakini mkono wangu siku hizi unatetemeka. Mstari mmoja ukamwangukia mwenzake kama walevi njiani. Kipo kiwanda kinachotengeneza bodi, ila hakipokei karatasi. Kinataka mchoro wa kompyuta.

Nikaenda kwa shemeji, mdogo wake marehemu. Anatengeneza kompyuta kwenye kibanda karibu na soko. Akanionyesha programu ya kuchorea saketi. Ni ya bure, wala haihitaji kuibiwa. Lakini mimi ni fundi redio. Spika ya redio hii huingia kwenye redio ile. Basi shemeji alipotoka kuzungumza na mteja, nikachomeka flashi. Nikainakili ile picha ndogo ya programu iliyokuwa kwenye kioo. Nikaondoka mbio.

Nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta yangu kuukuu. Kompyuta ikanijibu kwamba haiijui. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipiga kofi kidogo, kama redio. Wapi!

Jioni shemeji akaja. Binti yangu alikuwa ameshamsimulia kila kitu.

"Shemeji, nasikia umeniibia," alisema akiwa bado mlangoni.

"Nimeazima programu."

"Umeazima picha ya mlango. Nyumba yenyewe umeiacha kwangu! Ile picha ni njia ya mkato tu ya kuifikia programu."

"Basi nipe nyumba yote."

"Nyumba yangu haisimami kwenye kiwanja chako. Kompyuta yako inatumia mfumo gani?"

"Mfumo wa umeme."

Shemeji alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mfumo endeshi, shemeji! Ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Yangu ina Windows. Yako huyu binti yako aliiwekea Linux, maana ni kikongwe, isihemewe."

"Kama mwenyewe," binti yangu akachomekea.

"Nyinyi mmekuja kusaidia au kunizika?"

"Sikiliza," shemeji akasema. "Programu ni ile ile. Lakini walioitengeneza wameiandaa kwa kila mfumo peke yake. Faili la Windows ni la Windows. La Linux ni la Linux. Na wenye kompyuta za Mac wana lao."

"Kama redio ya betri na redio ya ukutani," nikasema. "Wimbo mmoja, tumbo tofauti."

"Umeelewa. Kumbe ukinyamaza unafundishika."

Nilikuwa nimeshaanza kuitafuta mwenyewe. Kioo kilionyesha kitufe kikubwa cha kijani kinachowakawaka. Nikanyoosha kidole.

"Acha!" shemeji akanishika mkono. "Hilo ni tangazo. Nenda kwenye tovuti ya walioitengeneza. Hapo utakuta mifumo yote imeandikwa. Mwenye Windows anapakua faili lake, analifungua, anafuata maelekezo. Mwenye Mac analifungua, anaivuta programu mpaka kwenye folda ya programu. Wewe wa Linux una duka la programu humo humo ndani ya kompyuta. Andika jina, bonyeza, weka nywila, subiri. Na uchukue pia maktaba ya vipuri."

"Vipuri ninavyo. Makopo manne."

"Siyo vipuri vya kushika! Ni michoro ya vipuri, na vipimo vya miguu yake. Bila hiyo utakuwa na karatasi bila kalamu."

Tukaisakinisha, yaani tukaiweka ikae ndani ya kompyuta. Haikuchukua hata nusu saa. Nilikasirika. Kumbe jambo lenyewe ni dogo hivi! Wakubwa walileta kompyuta kumi kwenye ukumbi wa mtaa wetu, wakapiga picha nazo, wakaufunga ukumbi. Hakuna aliyetuambia maneno haya machache.

Nikakaa upande wa dirisha. Tangu azikwe sikuwahi kukaa upande ule. Daftari lake kushoto, kipanya kulia. Kwenye kompyuta mkono ukitetemeka haidhuru, mstari unanyooka wenyewe. Nilichora siku sita. Zikabaki siku tisa mwezi uishe.

Nikapeleka faili kwa shemeji alikague. Akasogeza kipuri kimoja, akalihifadhi, akanirudishia. Nyumbani likakataa kufunguka. Nikampigia simu.

"Shemeji, umeniharibia kazi!"

"Soma kilichoandikwa."

"Limetengenezwa na toleo jipya zaidi."

"Pole, hapo kosa ni langu. Duka la Linux lilikupa toleo la zamani, mimi nina jipya. Jipya husoma la zamani, la zamani halisomi jipya. Mnaofanya kazi moja mnatakiwa muwe na toleo moja. Ulibaki na nakala ya faili lako?"

"Ninayo. Sijazaliwa jana."

"Vizuri. Ile tovuti ina ukurasa wa Linux. Humo imeandikwa namna ya kupata toleo jipya. Fuata mstari kwa mstari, usiruke."

Nilifuata, binti yangu akisoma, mimi nikiandika. Likafunguka.

Programu ile ina kitu kizuri. Ukimaliza, inakagua yenyewe. Ilikagua, ikaweka alama nyekundu mahali pamoja. Mistari miwili ilikaribiana mno. Nikarudi kwenye daftari kutazama pale pale. Pembeni palikuwa na maandishi madogo ya penseli. Siku zote sita nilidhani ni uchafu.

Binti yangu akayasoma kwa sauti: "Hapa usibane, mume wangu."

Nikaisogeza mistari, nikaiachia nafasi. Alama nyekundu ikatoweka.

Tulituma faili kiwandani siku hiyo hiyo. Bodi ikaja siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Ilikuwa ya kijani na nyororo, miguu ya vipuri ikaingia bila kulazimishwa. Nilichomelea vipuri mimi mwenyewe, taratibu, shemeji akinishikia bodi. Ule moshi wa risasi ulinukia miaka ya nyuma. Safari hii tuliifunga ukutani, mbali na bomba. Mkuu wa zahanati alisimama akitazama bomba lake, na mimi nikamtazama yeye mpaka akatazama chini. Wiki iliyofuata bomba lilizibwa.

Sasa mafundi wawili wa zamani huja nyumbani Jumamosi na kompyuta zao. Swali langu la kwanza huwa moja: "Mfumo gani? Toleo gani?" Shemeji anasema najifanya profesa.

Lakini naikumbuka zaidi siku ile ya kuijaribu. Binti yangu aliuacha mlango wa friji wazi, ikiwa tupu. Tulisimama wote tukingoja joto lipande. Dakika moja. Tatu. Tano. Shemeji akaanza kunitazama vibaya.

Pi, pi, piii.

"Karibu," nikasema.

Neno lilinitoka lenyewe. Nilishageukia mlangoni. Hakuna aliyecheka, hata shemeji.