Aliyepokea Usukani

Nilikwenda uwanja wa ndege jioni ile kutafuta nywele za mwanamke. Nasema ukweli, sina sababu ya kujipamba.

Mimi na shemeji yangu, aliyemuoa mdogo wangu wa kike, tuna kindege cha viti viwili. Sote ni marubani wa ndege za abiria, kampuni moja. Wiki nzima tunabeba watu mia na ushee, halafu siku ya mapumziko, badala ya kulala kama watu wenye akili zao, tunakwenda kuruka tena kwa raha zetu. Mke wangu husema huo ni ugonjwa.

Kila safari huandikwa kwenye daftari la ndege. Mwezi ule shemeji alikuwa na safari sita, na kwenye idadi ya watu, zote sita ameandika wawili. Jina la wa pili hakuna. Mdogo wangu hajawahi kualikwa hata siku moja. Sasa huyo wa pili ni nani? Damu ilinichemka. Tena Jumamosi alikuwa ameahidi kumrusha binti yangu wa miaka tisa, na mtoto alikuwa hashikiki kwa furaha. Nisingemkabidhi mwanangu kwa mtu mwenye siri.

Mlinzi alinifungulia banda. Jua lilikuwa linashuka.

"Leo uko peke yako, kapteni?"

"Kwani unaniona na nani?"

Akajikuna shingo. "Nauliza tu. Shemeji yako huwa na mwenzake. Namwona kichwa wakishatua. Ila kushuka... simwoni akishuka."

"Mwanamke?"

"Mkubwa, mimi nalinda lango. Usinitie kwenye mambo ya watu."

Nikapekua chini ya viti, mifuko ya milango, nyuma. Hakuna unywele, hakuna hereni. Ila mkanda wa kiti cha kulia ulikuwa umefungwa na kukazwa, kama kuna mtu ndani yake. Nikaufungua. Kiti kilikuwa na harufu ya udongo mbichi, ule wa kuchimbwa chini sana. Nikajiambia, shemeji kakanyaga tope, basi.

Ningerudi nyumbani. Lakini ndege ipo, mafuta yapo, mwanga bado upo. Nikasema nusu saa tu, niikague kabla mwanangu hajaipanda. Nikaruka.

Sasa niwaeleze jambo. Kwenye ndege kubwa tunakaa wawili, na hakuna kinachofanyika kimyakimya. Mmoja anasoma orodha, mwenzake anajibu. Usukani ndio kabisa. Anayeachia anasema, "Chukua." Anayepokea anasema, "Nimechukua." Usiposikia jibu, huachii. Miaka kumi na sita nasema hivyo, mpaka nyumbani nikimpa mke wangu sufuria ya moto naisubiri "nimechukua" yake. Ananicheka sana.

Basi, juu ya mashamba, kalamu ikaniponyoka ikabingirika miguuni. Kalamu ikikwama kwenye pedali, umekwisha. Nikainama kuitafuta. Na mdomo, kwa mazoea yake, ukasema:

"Chukua."

"Nimechukua."

Nikabaki nimeinama...

Ilikuwa sauti ya kunong'ona. Si ya kiume, si ya kike. Ilitoka kulia kwangu, ikapita vifaa vya masikioni kana kwamba sikuvivaa. Nikainuka polepole. Kiti kitupu. Mkanda umefungwa tena.

Usukani wa kulia ukazunguka. Wangu ukaufuata. Ndege ikageuka taratibu, kwa ustadi kunishinda mimi, ikaelekea vilimani huku inashuka. Nikavuta kwa mikono yote miwili. Haukutikisika.

"Nimechukua mimi!"

Nikavuta tena.

"Nimesema nimechukua!"

"Sijakuachia."

Mama yangu! Jasho lilinishuka mpaka kiunoni. Miti ya kilimani ilianza kuonekana mmoja mmoja.

"Unataka nini?"

"Shemeji yako aliuliza hivyohivyo," ikanong'ona. "Akanipa mtoto. Jumamosi."

Hapo nikaelewa wa pili alikuwa nani. Nikaelewa na jinsi shemeji alivyorudi mzima mara zote sita. Mwanaharamu yule! Kifo changu mwenyewe nilikisahau palepale.

"Si mwanangu! Nakuomba. Yeyote mwingine, lakini mwanangu mwache."

"Yeyote?"

Swali lile nililisikia vizuri. Sitasingizia kelele za injini.

"Yeyote."

Harufu ya udongo ikanijaa kooni.

"Chukua," ikasema.

"Nimechukua."

Usukani ukawa mwepesi. Nilipita juu ya miti kwa kimo ambacho sijamwambia mtu.

Nilipotua, mlinzi alikuja na tochi. Akatazama nyuma ya bega langu, akaizima, akaondoka bila salamu.

Sikusema kwa mtu. Rubani anayesikia sauti hapewi ndege, anapewa daktari. Ijumaa nikampigia shemeji.

"Binti ana homa. Kesho haji."

Nikamsikia anapumua. "Umeirusha, shemeji?"

"Nimeirusha."

"Ukaongea nayo?"

Nikakata simu. Ningeweza kumwambia asiruke. Sikutaka. Alikuwa amemtoa mwanangu, nami nilimchukia, nikasema acha kimkute yeye mwenyewe. Nililala fofofo usiku ule, Mungu anisamehe.

Jumamosi mchana simu ikaita. Mdogo wangu.

"Kaka! Nimeruka! Kiti kilikuwa kitupu, nikasema leo siachwi. Mume wangu alikataa mpaka tukagombana, nikaingia kwa nguvu."

"Uko... uko salama?"

"Nipo," akasema. Halafu akakata simu, yeye ambaye simu yake haikatiki mpaka chaji iishe.

Wiki iliyofuata shemeji alinivuta pembeni kwenye chumba cha marubani. Alikuwa amekonda. "Usiku anaamka," akanong'ona. "Anakwenda kukaa ndani ya gari, gizani, kajifunga mkanda. Namwita haitiki."

"Ni yeye?"

"Sura ni yake." Hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Tukaenda kila mtu kwenye ndege yake kubeba watu.

Jana binti yangu alinijia mbio. "Baba! Shangazi amesema Jumamosi ananipeleka kuruka!"

"Nani ataendesha?"

"Yeye mwenyewe."

Mdogo wangu hajawahi kuendesha hata baiskeli. Nimekataa, nimeficha funguo za ndege, mtoto amelia mpaka macho yamevimba. Mke wangu ananiuliza, we baba nanihii, dada yako amekukosea nini? Nitamjibu nini? Niseme nilimuuza mwenyewe, kwa mdomo wangu?

Leo ni Ijumaa. Jioni hii nimerudi kutoka kazini, nikakuta viatu vya mdogo wangu mlangoni, vina udongo. Ndani wanacheka. Anasema amekuja kumbembeleza mtoto, atalala hapa. Na mke wangu ameshamtandikia, chumbani kwa mwanangu.