Kijiti cha Damas

Damas wa kijiji cha Ipole aliingia Tabora mjini na ndoo mbili za asali, pikipiki ikamzimikia katikati ya soko, watu wakimpigia honi kila upande. Aliyekuja kumsaidia kusukuma alikuwa binti wa ovaroli ya buluu na kilemba cha kitenge cha njano, mikono imejaa oili. Akasema anaitwa Levina, fundi. Na fundi kweli, jamani, si wa kubahatisha.

Gereji kwake aliifungua injini, akavichomoa vile vijiti viwili vyembamba vinavyosukuma valvu, akavichomeka kwenye kipande cha boksi alichokiandika kwa kalamu: hiki cha kulia, hiki cha kushoto, juu hapa. Akaeleza kwamba kila kijiti kimezoea mahali pake na lazima kirudi hapohapo. Ukikifunga, ukizungushe kwa vidole mpaka usikie kimetulia kwenye kikombe chake, ndipo ukaze. Damas alivitazama vidole vile, akasahau hata asali yake. Mvua zilipoanza, walikuwa wakiitana mpenzi kwenye simu kila jioni.

Sasa sikia alivyoharibu. Siku moja, akijifanya anajua, Damas aliifungua injini mwenyewe na kuifunga harakaharaka. Pikipiki ikagonga, ikafa. Kwa aibu akawaambia wenzake kijiweni kwamba Levina ndiye aliyefunga vibaya. Bodaboda wakayafikisha maneno mjini, na wateja wakaanza kumkwepa binti wa watu. Damas alipopiga simu, Levina alisema, "Umeniharibia jina," akakata.

Wiki tatu hakupokea. Damas akakonda. Hatimaye akaifungua tena ile injini, akakuta kijiti kimoja kimepinda. Alikuwa amekikaza kikiwa nje ya kikombe. Alikifunga kwenye leso, akavaa shati lake la kanisani, akaenda mjini na kusimama mbele ya bodaboda wote pale gereji.

"Nilifunga mimi," alisema, akikiinua kile kijiti. "Levina hakukosea. Mimi ndiye mwongo."

Levina alimpa kijiti kipya, akamwonyesha injini nyingine iliyokuwa wazi. Damas akakishusha, akakizungusha taratibu, jasho likimtiririka, mpaka akakisikia.

"Kimekaa?"

"Kimekaa, mpenzi. Hakikisha mwenyewe."

Levina akakigusa kwa vidole vyake. Kisha akamkabidhi spana.

"Kaza," alisema. "Na Jumapili utume mshenga kwa baba."