Mwanamke wa Sufu

Haya sikuhadithiwa. Mama Mdogo ninayemsema ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja, ziwa moja, na yaliyompata niliyaona kwa macho yangu.

Mama alikuwa fundi wa wanasesere wa sufu. Hakuwafuma wala kuwashona, aliwadunga. Unachukua bonge la sufu, kubwa kama mto wa kulalia, unalidunga kwa sindano ndefu yenye meno madogo, mara elfu, mara elfu kumi. Nyuzi zinashikana. Bonge linanywea na kuwa gumu mpaka linaenea kiganjani, lakini uzito haupungui hata punje. Ni kazi ya subira, na Mama alikuwa nayo kuliko ilivyomfaa.

Jumanne moja alikuwa kwenye kigoda chake karakanani, akidunga mwanamke mwenye gauni la kijani na kidoti chini ya jicho. Alifanana na Mama Mdogo kama pacha. Ilikuwa zawadi ya kumpa huyo mdogo wake. Kesho yake waamuzi wa maonyesho ya kazi za mikono wangekuja kuchagua mshindi, na ndugu hao wawili walikuwa wakitaniana vizuri tu nilipotoka kwenda kununua sufu nyeusi ya nywele.

Niliporudi, Mama alikuwa sakafuni, amekwisha kupoa. Mama Mdogo alilia mpaka akashikiliwa. Baada ya mazishi, dobi wa chumba cha pili alinivuta pembeni.

"Mama yako alilalamika kifua," alininong'oneza. "Aliomba apelekwe hospitali. Mara tatu nilisikia. Nikajua mdogo wake yupo, atampeleka."

"Na yeye alimjibu nini?"

"Alisema, subiri kidogo dada, nimalizie kubandika majina."

Nikaenda kutazama. Kazi zote za Mama, wanasesere thelathini na mmoja, zilikuwa na kibandiko chenye jina la Mama Mdogo. Akashinda nazo. Akapiga picha na kombe, meno yote nje. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilimchukia mtu yule mpaka chakula kikawa hakipiti.

Karakana niliifunga mwenyewe, mwanamke wa sufu akiwa humo, na ufunguo nikauvaa shingoni. Wiki ya tatu, mchana kweupe, tukasikia sauti humo ndani. Chwi. Chwi. Chwi. Mama Mdogo, aliyekuwa akipita uani, aliruka na kujishika kiuno.

Kwanza pete ilimvuka kidoleni. Kisha viatu vikampwaya. Majirani wakamtania kwamba amepata siri ya kupungua awauzie na wao, naye akajishaua wiki nzima. Halafu gauni likaanza kuburuta chini. Nilimsindikiza zahanati. Mizani ilisoma kilo sabini na mbili, zile zile za mwaka jana. Muuguzi akaleta mizani nyingine. Sabini na mbili. Akataka kumtoa damu, na sindano ikapinda mkononi mwa Mama Mdogo bila kuingia.

Muuguzi aliitupa sindano. Alinawa mikono mara mbili.

Wiki chache baadaye mlango wangu uligongwa saa sita mchana. Uligongwa chini, karibu na kizingiti. Nikafungua. Mama Mdogo alinifika magotini. Kidoti chini ya jicho kilikuwa pale pale. Alipoingia, kigae kikapasuka chini ya mguu wake.

"Mwanangu," alinong'ona. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nifungulie karakana."

Nilifungua. Mwanamke wa sufu alikuwa juu ya kigoda cha Mama. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kifuani mwake. Hapakuwa na mkono. Chwi. Mama Mdogo akajikunja. Chwi. Akajikunja tena.

Nikaikamata. Ikatulia. Ilikuwa ya moto, kama imetoka kushikwa sasa hivi.

"Ing'oe," aliniambia. Alininyooshea mikono yake. Vidole vilikuwa vimeshikana vyote, kipande kimoja. "Mimi siwezi. Ing'oe, nakuomba. Mimi ni mama yako pia."

Ningeweza kuing'oa. Nataka mjue hivyo. Ilikuwa imelegea, hata mtoto angeichomoa. Nikamtazama. Nikakumbuka sakafu ile.

"Subiri kidogo, Mama Mdogo," nilisema.

Nikaiachia.

Nilitoka nikaurudisha mlango. Sikukimbia. Nilikaa uani nikachambua mchele mpaka sauti ikakoma, na ilikoma jioni.

Jeneza lilikuwa la mtoto mchanga. Wabebaji walikuwa wanaume wanane, na walilitua mara nne njiani. Watu walitazamana. Mimi sikulia, na sijajuta mpaka leo.

Mchimba makaburi ndiye asiyenipa nafasi. Kila mwezi ananiambia kaburi limetitia, kalijaza, limetitia tena. Jana alinijia na ule mti mrefu anaopimia mashimo. Alisema ameuingiza wote kwenye ufa wa kaburi, haukugusa chini.

"Dada," aliniuliza kwa sauti ya chini, "mlizika nini pale?"

Nilimwambia azidishe udongo.