Kitambaa cha Dada wa Maombi

Jioni hiyo Kaluki alitoka kufuata kitambaa chake cha kichwa. Safari yenyewe ilikuwa fupi: kuvuka korti mbili tu za nyumba za mtaa wa Komarock, kupita kibanda cha soseji za smokie na lile geti ambalo halijawahi kufungwa. Kesho yake mfungo ulikuwa unaisha, tena ilikuwa zamu yake ya kuhudumu kanisani, na wahudumu hufunga kitambaa cheupe. Chake kilikuwa kwa Nthoki, dada yake wa maombi.

Kila mwanamke wa ushirika wao ana dada wa maombi. Mnafunga pamoja, mnabadilishana vitambaa, na muda wote wa mfungo unajifunga cha mwenzako. Kisifuliwe, anasema mama mchungaji, ili jasho la kichwa chako nalo liombewe. Kaluki, aliyemaliza miaka minne chuoni akisomea saikolojia, alicheka kidogo mwanzoni. Kisha akakifunga. Na kila Jumatano alimmwagia Nthoki yote ya moyoni: hofu zake, wivu wake, jinsi anavyomchukia mama mkwe huku akimpikia chapati. Mambo ambayo hata Mungu ilibidi angoje Jumatano ndipo ayasikie.

Tangu mfungo uanze, kichwa chake kilikuwa kimeingiwa na maneno.

Muoki hakupendi. Muoki ana mwingine.

Yalikuja kwa sauti yake mwenyewe, ndiyo maana aliyaamini. Nani hushuku mawazo yake? Mchungaji alikuwa amehubiri juu ya kuulinda moyo na akili, Kaluki akaitikia amina pamoja na wengine, akidhani wanaambiwa kuhusu video chafu na umbeya. Juzi alizitupa nguo za mume wake kwenye ngazi, majirani wakitazama. Muoki, mtu asiyeweza kudanganya hata bei ya nyanya, aliziokota bila neno, akaenda kwa kaka yake, mtaani Kayole.

Stima ilikuwa imepotea, taa zimezimika kwenye jengo lote la kina Nthoki. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Kaluki aliinua mkono abishe...

Ndani mtu alikuwa akiongea.

"Muoki hakupendi," alisema mtu huyo, polepole. "Akija, usimfungulie."

Ilikuwa sauti ya Kaluki.

Haikufanana na yake. Ilikuwa yake, pamoja na kile kikwaruzo cha kooni anachoamka nacho kila asubuhi. Harufu ikamfikia... nywele zilizoungua, na maziwa yaliyochacha. Akausukuma mlango kwa kidole.

Nthoki alikuwa ameketi kwenye kistuli, ubavu mlangoni. Alikuwa amekipiga kitambaa cheupe cha Kaluki fundo, amelisogeza mdomoni kama mtu anayepuliza chai. Midomo yake ilicheza.

"Usimfungulie."

Kaluki alilisikia neno mara mbili. Mara moja masikioni.

Mara ya pili ndani ya kichwa.

"Ingia, dada," Nthoki alisema bila kugeuka, sasa kwa sauti yake halisi. "Nilikuwa nakuombea."

"Hayo ni maombi gani?"

Nthoki alilikaza lile fundo.

"Unamtaka Muoki?"

Nthoki alicheka kwa pua. "Yule? Na vile anakoroma? Si uliniambia mwenyewe. Sina haja na mume wako, Kaluki. Wangu nilimfukuza vivyo hivyo. Nguo kwenye ngazi."

Chumbani, nyuma ya pazia, kitu kilikwaruza sakafu. Kaluki alipotega sikio, kikaacha.

"Hicho kilikuwa kinaongea kichwani mwangu," Nthoki alinong'ona. "Kwa sauti yangu. Usiku na mchana. Nimepakwa mafuta. Nimeangushwa chini mbele ya kanisa zima, mkapiga makofi. Wapi, hakikutoka. Kisha ukajifunga kitambaa changu." Aligeuka. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyeshiba usingizi. "Siku hiyo nililala. Lakini lazima nikilishe maneno, nikikielekeza kwako. Nisipofanya hivyo kinarudi."

"Nilikuamini."

"Najua. Ndiyo maana kilipata pa kuingilia. Mimi sikuvunja mlango wowote. Kila Jumatano ulikuwa unanifungulia." Akaongeza kwa upole, "Si tulisema tutabebeana mizigo?"

Kaluki alikivuta kitambaa cha Nthoki kichwani mwake mwenyewe. Kilikuwa kimenata. Kikatoka na nywele. Akakitupa sakafuni, akanyakua chake, akaondoka.

Nthoki hakumzuia. Hilo ndilo lililomtia baridi zaidi.

Nyumbani alikiloweka kitambaa kwenye maji moto na sabuni tele. Akapiga magoti peke yake na kuomba maneno machache, hafifu, yasiyo na mapambo, ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza hana wa kumsikiliza ila Mungu. Kichwa kikanyamaza. Hapo ndipo alipolia. Aliikumbuka siri moja baada ya nyingine aliyompa yule mwanamke, kama mtu anayezunguka nyumba iliyoibiwa akitazama kilichobaki.

Akampigia Muoki simu.

"Rudi nyumbani. Yale maneno hayakuwa yangu."



"Yalitoka kwa mdomo wako, Kaluki."

"Najua."

"Na haya?" Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Haya ya leo ni yako? Niambie ni wewe unaongea, nibebe nguo nije sasa hivi."

Akafungua mdomo amwambie ndiyo.

Wazo likamjia. Tulivu, tamu, lenye adabu zote za Kikristo.

Msamehe Nthoki. Kesho mpelekee kitambaa kingine.

Lilikuwa na sauti yake.

Kaluki akaufunga mdomo, akaubana kwa kiganja.

"Kaluki?" Muoki aliita. "Uko hapo?"

Alikuwa ametulia tuli, akisikiliza ni nani atakayejibu kwanza.