Aliyesuka Kati ya Picha na Picha

Kidoti alilala mchana nywele zikiwa timutimu, akaamka amesukwa.

Mama yake alikuwa jikoni anaosha vyombo alipomwona akitoka chumbani huku anafikicha macho, mistari imenyooka kichwani kama iliyopigwa kwa rula. Hakushtuka. Alijua hiyo ni kazi ya wifi yake, aliyeishi chumba cha ng'ambo ya ukumbi na ambaye hakuwahi kuona kichwa cha mtoto akakiacha kipumue. Kilichomuudhi ni ile misuko yenyewe, imebana mpaka ngozi ya paji imevutika na mtoto anaonekana kama mtu aliyepewa habari asiyoiamini.

"Wifi, ahsante kwa kumsuka mtoto," alimwambia jioni, kwa ile sauti ya shukrani isiyoshukuru. "Ila siku nyingine usimbane hivi."

"Mimi?" wifi akasema. "Nimeshinda kazini. Ndiyo kwanza naingia, hata viatu sijavua."

Wakatazamana. Kisha kila mmoja akaamua moyoni kwamba mwenzake ni mwongo, maana hilo lilikuwa jepesi zaidi kulala nalo.

Baba mtoto alikuwa mpiga picha za harusi. Watu walimwita Tabasamu, kwa sababu ndilo neno alilolirudia tangu bibi harusi anashuka garini hadi viti vinakunjwa, ingawa mwenyewe katika kila picha aliyopigwa alitoka amenuna. Alipomnyanyua binti yake jioni ile na kumbusu utosini, aliuliza tu, "Mmempaka mafuta gani? Yananuka nywele zilizoungua."

Mkewe alimkalisha mtoto kwenye mkeka akaanza kumfumua, akishika msuko uliokuwa karibu na mkono wake, kisha mwingine, popote. Kabla hajafika nusu Kidoti alikuwa anachemka kama birika, anatetemeka, meno yanagongana.

Ikawa hivyo kila siku. Mchana mtoto alilala, akaamka amesukwa, na walipomfumua homa ilimpanda mpaka macho yakageuka meupe. Walipoacha kumfumua homa ilitulia, lakini kila mchana walikuta ile misuko imesukwa upya, kwa mtindo mwingine, imebana zaidi, na usingizi nao ukarefuka. Alianza kuamka alasiri, kisha jua likizama, kisha akawa anaamka kwa muda wa kumeza vijiko vichache vya supu na kurudi kulala akiwa bado na supu mdomoni. Hospitali walimpima damu, mkojo, kichwa. Daktari alikuwa na huruma, aliwaambia wazi kwamba hakuna anachokiona, akawapa dawa ya kuongeza hamu ya kula.

"Mtu anayelala, hamu ya kula anaipeleka wapi?" mama mtoto aliuliza walipofika kwenye korido. Mumewe alitaka kutabasamu ikashindikana.

Mama aliacha cherehani yake na gauni la mteja likiwa limeshonwa mkono mmoja tu, akahamia kwenye kiti kando ya kitanda. Alikaa pale mchana kutwa macho yamemtoka. Alipoangalia, hakuna kilichotokea. Lakini jicho halikai wazi milele. Akipiga chafya, akigeukia dirisha pikipiki inapopita, akirudisha macho anakuta msuko mmoja mpya umekwishaanza kwenye mzizi wa nywele.

"Anafanya nisipoangalia," alimnong'oneza mumewe mlangoni. "Napepesa jicho tu, anasuka."

"Nani?"

"Usiniulize nani. Wewe una vyombo vyako. Mtafute."

Tabasamu alitega kamera yake ya video kwanza. Ilirekodi mchana mzima, na walipoifungua wakakuta giza lenye chenga, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndipo akachukua kamera ya kawaida, ile ya picha za mnato, akaisimamisha kwenye stendi miguuni pa kitanda na kuipangia ijipige yenyewe kila baada ya sekunde chache. Akafuta lenzi. Akafunga mlango kwa ufunguo. Yeye na mkewe wakakaa sebuleni kwenye kochi moja, wakisikiliza.

Kamera ililia. Ikatulia. Ikalia. Ndani ya ule utulivu, kati ya mlio na mlio, walisikia mtu anaimba amefunga mdomo. Kamera ikilia, wimbo unakatika. Kamera ikitulia, wimbo unaendelea pale pale ulipokatikia, taratibu, kama wa mtu aliye kazini kwake na hana haraka ya kwenda popote.

Mama alisimama. Mumewe akamshika mkono.

"Niache niingie."

"Ukiingia hatutamwona."

"Mwanangu yumo mle na hicho kitu, wewe unaniambia nisubiri picha?"

"Tumeshaingia mara ngapi? Tumepata nini?"

Alikaa. Aliuma kitambaa cha kochi ili asilie kwa sauti, na mumewe hakumwachia mkono mpaka kamera ilipojaza kadi na kunyamaza. Walipofungua mlango mtoto alikuwa peke yake, amelala, amesukwa.

Tabasamu alizihamishia picha kwenye kompyuta akazipitia moja moja. Mtoto amelala. Mtoto amelala. Hapa na pale palikuwa na doa la ukungu, kama pumzi juu ya kioo: moja kando ya mto, jingine juu ya shuka, jingine hewani pasipo na kitu. Zingekuwa picha za harusi angezitupa. Akazipanga kwa mfuatano na kuiamuru programu izifanye video, kila picha ikae sekunde moja. Wakatazama. Madoa yalitokea na kupotea, hayana maana yoyote.

"Zikimbize," mkewe akasema.

"Zikikimbia tutaona nini?"

"Sijui. Zikimbize."

Akapunguza muda, akapunguza tena, na picha zikaanza kufukuzana, na yale madoa ambayo kila moja peke yake halikuwa kitu yakaanza kushikana, la kando ya mto likawa kiwiko, la shukani likawa goti, la hewani likawa bega, mpaka kando ya kitanda cha mtoto wao akawepo mwanamke mrefu aliyepiga magoti, mgongo umepinda, vidole vyake virefu kupita kiasi vikiingia na kutoka ndani ya nywele za Kidoti kwa upole ambao ulimfanya mama azibe mdomo kwa kiganja, kwa sababu ulikuwa upole wa mtu anayesuka kichwa anachokipenda, na kila alipomaliza msuko mmoja mwanamke yule aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto, akasema neno, akangoja, na mtoto aliyelala akatikisa kichwa kukubali.

Msuko wa mwisho ulipokamilika, picha zikaisha. Tabasamu aliona kwa macho yake, pale chini ya skrini, kwamba zimefika mwisho. Video haikuisha. Mwanamke alikung'uta mikono, akainuka, na kuinuka kwake kulichukua muda mrefu kwa sababu alikuwa mrefu kuliko chumba na ilimbidi ainamishe shingo chini ya dari, kisha akageuka kuelekea pale stendi iliposimama, akawatazama, kwa uso ambao haukukaa mahali pamoja, jicho limetoka katika picha moja na mdomo katika nyingine, ukijikusanya, ukihangaika kuwa uso, na sebule yao ikajaa harufu ya nywele zilizoungua, na kutoka chumbani wakamsikia Kidoti, ambaye kwa siku nyingi hakuwa na nguvu ya kuinua kijiko, akicheka.

Tabasamu alichomoa waya. Skrini ilikawia kuzimika.

Wifi ndiye aliyemleta mtabibu, asubuhi iliyofuata, baada ya kuambiwa yote akiwa amesimama mlangoni na chai inampoa mkononi.

"Nilikuona mwongo, wifi," alimwambia mama mtoto. "Nisamehe."

"Hata mimi nilikuona mwongo."

Mtabibu aliitwa Mama Mkoba, mwanamke mnene mwenye miwani na mafua, asiyekaa mpaka aambiwe mara mbili. Watu walimjua kwa kutoa majini na kwa kutopenda maneno mengi. Aliitazama video akiwa amesimama, akipenga kamasi, na picha zilipokaribia kuisha alimwambia Tabasamu asimamishe.

"Mlipomfumua mlianzia wapi?"

"Popote," mama mtoto akasema.

"Ndiyo maana akachemka. Huyu hasuki, anafunga. Fundo alilolifunga mwisho ndilo la kufunguliwa kwanza. Ukianzia katikati unamkaza mtoto. Kwa wengi ninaoitwa kuwatibu huwa hatujui lipi lilifungwa mwisho, tunabahatisha, wengine wanatufia mikononi." Alisema hivyo bila kushusha sauti. "Nyinyi mmemwona akifunga. Basi irudishe nyuma hiyo video, na mama afumue kwa kuifuata. Leo, kabla ya mchana."

Tabasamu alielekeza kidole kwenye skrini. "Tukianzia nyuma, tunaanza na yeye akitutazama."

"Ndiyo."

"Na hayo anayomwambia sikioni?" mama akauliza.

Mama Mkoba alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Nywele nitakusaidia, mwanangu. Maneno yakishaingia sikioni, mimi sina mkono wa kuyatoa."

"Nitoleeni mwanangu," mama alisema. "Hayo mengine nitajua mwenyewe."

Waliweka kompyuta kwenye kigoda kando ya kitanda. Mama alipanda kitandani, akamlaza Kidoti mapajani, mwepesi kama nguo iliyokauka kambani. Wifi alisimama nyuma ya mlango. Mama Mkoba akaanza kusoma maneno yake chini kwa chini, na Tabasamu akairudisha video nyuma.

Uso ukajaa skrini. Mama aliutazama. Kisha uso ukageuka, mwanamke akashuka taratibu mpaka magoti yakagusa sakafu, vidole vikaingia kwenye nywele na msuko wa mwisho ukaanza kufumuka kwenye skrini.

"Huu, nyuma ya sikio la kushoto," Tabasamu akasema, akasimamisha.

Mama akaushika akafumua. Akaendelea na uliofuata, na uliofuata. Kila video iliposimama mwanamke alirudi kuwa doa la ukungu, lakini wimbo haukusimama, ulikuwa mle mle chumbani, karibu na mto, na haukuwa tena wimbo wa mtu asiye na haraka.

"Mama," Kidoti akasema, macho yamefumba. "Unaniumiza."

Mikono ya mama ikaganda.

"Usisimame," Mama Mkoba akasema.

"Mama, unaniumiza. Mama, niache nilale. Nimekukosea nini?"

"Mke wangu, wa utosini," Tabasamu akanong'ona huku machozi yanamdondokea kwenye kibonyezo. "Wa utosini sasa."

Alishika wa utosini, na ndani ya nywele za mwanawe vidole vyake vikakutana na vidole vingine, baridi, vyembamba, vingi kuliko vya mkono mmoja, vikisuka kule alikofumua, navyo havikumkwaruza wala kumsukuma, vilimshika tu kama mtu anayeomba, na yeye akaendelea kufumua huku akiongea navyo kwa sauti ya chini, sauti ya jirani kwa jirani, akiviambia huyu ni wangu, nimemzaa mimi, nimekesha naye mimi, kama ulikuwa na wako ukampoteza nakuonea huruma lakini huyu sikupi, chukua nyumba, chukua macho yangu, huyu sikupi, mpaka msuko ukaisha, na uliofuata ukaisha, na kwenye skrini mwanamke akawa amebakiza mmoja, mdomo wake ukiwa bado sikioni mwa mtoto, ukisema, ukisema, kama mtu anayeitwa garini na bado hajamaliza kuaga.

"Wa mwisho," Tabasamu akasema. "Juu ya paji."

Ulifumuka wenyewe kabla hajaugusa vizuri. Video ikafika kwenye picha ya kwanza: mtoto, kitanda, mto. Pazia la dirisha likavutika kwenda nje, ingawa upepo haukuwepo, likabaki limenyooka kidogo, kisha likaanguka. Mama Mkoba akanyamaza. Wimbo pia ulikuwa umenyamaza.

"Kadi ichomeni moto," alisema akikusanya mkoba wake. "Na mtoto msimwamshe. Aamke mwenyewe."

Hawakumwamsha. Mchana ulipita, nywele zikabaki timutimu. Jioni ngozi yake ilikuwa na ubaridi wa kawaida. Waliketi naye usiku kucha, baba upande huu, mama upande ule, hakuna aliyethubutu kulitaja lile tumaini.

Kulipokucha Kidoti alifungua macho, akaketi mwenyewe, akaomba maji. Akanywa kikombe kizima. Akaomba mkate. Tabasamu alimkumbatia akalia bila kujificha, mtoto akimpigapiga mgongoni kama mtu mzima.

"Baba, usilie," akasema.

Kisha akamwona mwanamke aliyekaa upande wa pili wa kitanda. Alimtazama vizuri, bila woga, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja wakati umelala. Akakaa wima.

"Shikamoo," akasema.

Mama alisogea karibu. "Marahaba, mwanangu."

Kidoti alisogeza mdomo kwenye sikio la baba yake. Alidhani ananong'ona, lakini chumba kizima kilisikia.

"Baba, mama ameenda wapi?"

Tabasamu alimtazama mkewe, wote wawili wakiyakumbuka yale maneno ya sikioni. Wifi, aliyekuwa anaingia na mkate, alisimama palepale. Mama alifuta uso kwa viganja vyote viwili, akashuka kitandani akapiga magoti sakafuni ili macho yake yalingane na ya mtoto.

"Amesafiri," alisema. "Ameniomba nikae na wewe."

Kidoti alilifikiria jambo hilo. Kisha akajivuta kidogo pembeni ya kitanda, kama mtoto mwenye adabu anavyompisha mgeni, ili apate mahali pa kukaa.